Pikipiki Uani kwa Mama Mkwe

Jumamosi ile, saa saba na nusu mchana, Fundi alikuwa ndiyo kwanza ametia kijiko kinywani honi ilipolia langoni. Ilikuwa honi ya sauti nyembamba, kama ya mtu mwenye haya, na ililia mara moja tu.

“Nani tena huyo?” aliuliza mama mkwe wake. “Watu hawana saa ya kula makwao?”

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekwisha kufika dirishani. Wifi huyu hakupitwa na jambo. Hata paka wa jirani akizaa, yeye ndiye aliyejua wa kwanza.

“Mama, wameleta pikipiki.”

“Wamepotea. Waambie hapa hatujaagiza kitu.”

“Mwenye kuileta ana karatasi mkononi.” Wifi alisogeza pazia zaidi, kisha akageuka polepole, uso umemng'aa kwa furaha ya mtu aliyeokota habari ya bure. “Na mwenyewe ni yule Bwana Miwani.”

Kijiko kilimponyoka Fundi kikalia kwenye sahani. Mama mkwe alimtazama mkwewe, akaitazama sahani ya mkwewe, akajifuta mikono taratibu, akachukua ufunguo wa lango uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa kamba, akatoka.

Hapo ndipo Fundi alipoelewa kosa lake. Wiki mbili nyuma alikaa mbele ya meza ya duka la pikipiki akijaza fomu ya ununuzi. Fomu iliuliza: mzigo upelekwe wapi? Alitakiwa aandike duka la miwani anakofanyia kazi. Ndivyo alivyopanga, na kichwani ndivyo alivyoandika. Lakini mkono una mazoea yake. Kwa miaka sita mkono ule uliandika anwani moja tu, ya nyumba hii, na siku ile nao haukusubiri kuulizwa.

Mtu mwingine angesamehewa kosa kama hilo. Fundi alikuwa mkata vioo vya miwani. Kazi yake ni milimita, na katika miaka yote dukani hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Amekosea mara mbili tu, na mara zote mbili sababu ni mtu mmoja, huyo aliyesimama langoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho. Mwanamume huyo alikuja na karatasi ya daktari, akitaka miwani yake ya kwanza. Alikuwa muuzaji wa pikipiki; wenziwe walimwita Mwalimu kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wateja wapya kuendesha. Sasa, kioo hakikatwi mpaka upimwe umbali kati ya mboni na mboni, na kipimo hicho hakina ujanja: fundi na mteja hukaa uso kwa uso, fundi akaweka rula juu ya pua ya mteja, akamwambia, “Tazama jicho langu la kushoto. Haya, la kulia.” Fundi alikuwa ameyasema maneno hayo maelfu ya mara bila kuona chochote zaidi ya mboni. Siku hiyo aliona mtu. Mtu yule alimtazama jinsi alivyoambiwa, bila kupepesa, akiwa na utulivu wa mtoto anayenyolewa, na Fundi akahisi damu imempanda mpaka kwenye masikio. Tangu azike mume, miaka minne, hakuna aliyemtazama hivyo. Akayakwepa macho, akasoma rula kwa kubahatisha, akaandika.

Mwalimu akaivaa miwani ile wiki tatu. Akaja dukani mara tano, leo kukaza skrubu, kesho kuomba kitambaa cha kufutia. Mara ya sita akakiri kwamba kichwa kinamuuma tangu siku ya kwanza.

“Mungu wangu! Kwa nini hukusema?” Fundi alimuuliza.

“Niliogopa utanipima upya mara moja, kipone, halafu nitakuja kwa sababu gani?”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini Fundi alijaribu kuyaficha. Mwezi uliopita Mwalimu alikuja na mjomba wake, wamevaa vizuri, wakakaribishwa, wakapewa maji. Mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Hapa hakuna msichana wa kuposwa. Hapa kuna mke wa mwanangu.” Akawafungulia lango. Jioni ile Fundi alimwahidi mama mkwe kwamba hatamwona tena yule mtu. Na kila jioni baada ya hapo, saa kumi na moja, aliingia uani nyuma ya duka la pikipiki, mitaa miwili tu kutoka nyumbani, ndani ya ukuta mrefu, akifundishwa kuendesha. Nyumbani alisema wanahesabu fremu. Kama fremu zile zingehesabiwa kweli, zingetosha kuvisha miwani nchi nzima.

Sasa pikipiki ilikuwa uani kwa mama mkwe, nyeusi, mpya, na Mwalimu kando yake amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Alipomwona Fundi akitokea mlangoni alitabasamu, tabasamu la mtu aliyesubiri sana na sasa amepata. Kisha akauona uso wake, na tabasamu likaanza kupotea.

“Nilipoona umeandika anwani ya hapa,” alisema kwa sauti ya chini, “nilijua umekwisha kumwambia Mama. Nikasema, basi amekwisha kuamua.”

Fundi alitamani ardhi ipasuke.

“Niambiwe nini?” aliuliza mama mkwe.

“Pikipiki ni yangu, Mama,” alisema Fundi. “Nimeinunua mwenyewe. Ya kwendea kazini.”

“Kazini unakwenda kwa miguu miaka sita. Miguu imefanya nini?” Mama mkwe aliizunguka pikipiki mara moja, mikono nyuma. “Na mbona iko uchi?”

“Samahani, Mama?” Mwalimu alishtuka.

“Iko uchi. Za wenzenu nazionaga zimefunikwa. Hii matumbo yote nje.”

Wifi alicheka kwa kwikwi. Mwalimu, masikini, alibanwa, na mtu akibanwa hukimbilia anachokijua. Akaanza kuuza.

“Ndivyo zilivyo aina hii, Mama. Hazina vifuniko vya plastiki. Ikianguka, hakuna cha kuvunjika ovyo, na fundi haumizi kichwa, injini yote anaiona. Ni pikipiki ya mtu anayeanza. Kiti kiko chini, miguu yote miwili inakanyaga. Klachi laini, unaishika kwa vidole viwili. Si ndogo ya kupeperushwa na lori, wala si kubwa ya kukutoa roho. Mafuta hailewi, inaonja tu. Hakuna kilichofichwa, Mama.”

“Angalau yenyewe haifichi kitu,” alisema mama mkwe, akimtazama Fundi. Kisha akamgeukia Mwalimu. “Mimi sikukuuliza sifa zake, baba. Nilikwambia nini mwezi uliopita?”

“Ulinikatalia.”

“Kwa lugha gani ambayo hukuielewa?”

“Nilielewa, Mama. Lakini ulijibu wewe. Yeye sijamsikia bado.”

“Heee!” Wifi alipiga makofi. “Makubwa haya! Mama anajibizwa uani kwake! Na wewe,” akamgeukia Fundi, “kumbe zile fremu ndizo hizi? Kaka yangu hata viatu vyake havijatoka ndani, wewe unajifunza kupanda mapikipiki na wanaume! Kweli, asante ya punda ni mateke.”

“Nyamaza wewe,” mama mkwe alimwambia binti yake. “Nikitaka kumwambia, nina kinywa changu.”

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alipozungumza, alizungumza na Fundi peke yake.

“Kesho alfajiri nahamia tawi jipya. Unajua. Ni safari ya siku nzima, na sitakuja kila wiki kukusubiri nyuma ya ukuta kama mwizi. Nimechoka kukupenda kwa siri. Nitakaa pale kituo cha mafuta, barabara ya juu, mpaka saa kumi. Ukija, nitamrudia mjomba wangu na tutakuja tena hapa kwa heshima, hata mara kumi. Usipokuja, nitajua, na sitakusumbua tena. Mama, nisamehe kwa fujo. Dada, kwaheri.”

Aliweka ufunguo wa pikipiki juu ya kiti, na kofia ngumu kando yake, akatoka kwa miguu. Mama mkwe akafunga lango, akarudisha ufunguo wake shingoni.

Fundi alibaki amesimama. Saa ya ukutani ndani ilionyesha saa nane.

Ungedhani mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye kazi yake na miguu yake, angejua la kufanya. Lakini msikilize kwanza kabla hujamcheka. Fundi hakuwa na mama wala baba. Aliolewa katika nyumba hii akiwa na sanduku moja. Mumewe alipofariki kwa homa ya siku tisa, yeye alilala kitandani mwezi mzima bila kula, na mama huyu, ambaye naye alikuwa amezika mwana wa pekee wa kiume, ndiye aliyemlisha supu kwa kijiko, akamwogesha, akamchana nywele. Kila asubuhi mpaka leo humfungia chakula cha kazini. Saa tano hupiga simu dukani kuuliza kama amekula. Saa tisa hupiga tena. Akichelewa dakika ishirini, mama shinikizo la damu linampanda, na si uongo, kipimo kipo. Fundi alimpenda mama huyu. Hilo ndilo lililomfunga. Angekuwa mkwe mbaya, wa matusi na masimango, Fundi angeondoka zamani na watu wangempigia vigelegele. Utamkimbiaje mtu aliyekuchana nywele?

Saa tisa kasoro alimfuata mama mkwe chumbani. Kilikuwa chumba chake mwenyewe, Fundi, chumba alichoishi na mumewe, lakini mama mkwe aliingia humo bila kubisha hodi, na Jumamosi ilikuwa siku ya viatu. Jozi tano za marehemu zilipangwa chini ya dirisha, na mama alikaa kwenye kiti kifupi, brashi mkononi, akizing'arisha moja moja. Miaka minne sasa. Ngozi ilikuwa imeanza kupasuka kwa kung'arishwa bila kuvaliwa.

“Mama.”

“Kaa. Nipe huo wa kahawia.”

Fundi alimpa. Alikaa kitandani, kofia ngumu mapajani, akijiona kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

“Nilikudanganya, Mama. Naomba radhi kwa hilo.”

“Kwa hilo. Na kwa mengine?”

“Kwa kumpenda siwezi kuomba radhi. Nimejaribu.”

Brashi ilikwenda mbele na nyuma.

“Nimekunyima nini?” aliuliza mama mkwe. “Niambie. Kuna siku umelala na njaa? Kuna siku nimekuita kwa jina baya?”

“Hapana, Mama.”

“Basi?”

“Ndiyo maana nashindwa kupumua,” Fundi alisema, na machozi yakamtoka kabla hajajua. “Ungenitukana ningejua pa kushika. Kila nikigeuka nakuta wema wako umekaa mlangoni. Nakwenda kazini na chakula chako, narudi nakuta maji yako ya kuoga. Nalala na viatu vya mtu ambaye harudi. Nilimpenda, Mama, unajua nilimpenda. Lakini nikicheka dukani najisikia mkosaji. Nikinunua nguo nyekundu naificha chini ya godoro.”

“Sikukukataza nguo nyekundu.”

“Hukunikataza. Ulinitazama.”

Mama mkwe aliweka kiatu chini. Kwa mara ya kwanza Fundi aliona jinsi mikono yake ilivyozeeka, vifundo vimevimba, rangi ya viatu imeingia kwenye kucha haitoki tena.

“Wewe ukiondoka,” alisema mama taratibu, “mimi nitamkumbuka na nani? Dada yake ana mambo yake. Majirani wamekwisha kumsahau. Ni wewe tu unayejua alivyokuwa akipiga chafya. Nikisema ‘alikuwa anapenda hivi’, wewe unasema ‘ndiyo, Mama, na vile’. Ukiondoka nabaki kusema peke yangu. Hapo ndipo atakapokuwa amekufa kweli.”

Fundi alipiga magoti mbele yake, akaishika ile mikono.

“Nitamkumbuka popote nitakapokuwa. Lakini, Mama, mimi si kaburi lake. Nakusihi. Usinizike naye.”

Mama mkwe aliitoa mikono yake, si kwa hasira, akachukua kiatu kingine na brashi, akaanza kung'arisha. Hakusema nenda, hakusema kaa. Fundi alisubiri. Alisubiri mpaka magoti yakamuuma, na saa ya ukutani ikafika saa tisa na nusu, na hapo akaelewa kwamba jibu halitakuja. Akainuka, akabusu kichwa cha mama chenye mvi, akachukua kofia, akatoka uani.

Hakuwa na mpango wowote. Lango lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa mama. Angetokaje, kwa kuruka ukuta na pikipiki mgongoni? Lakini alijua kwamba akikaa tu ndani mpaka saa kumi ipite, atakaa mpaka azeeke. Alitaka angalau akamatwe akijaribu.

Alivaa kofia. Akapanda. Miguu yote miwili ikakanyaga chini, kama ilivyosifiwa. Akawasha, na injini ikaitika mara moja, nzito na tulivu, akaisikia kwenye mapaja na kifuani. Akashika klachi, akatia gia ya kwanza.

Injini ikazimika.

“Haya sasa!” Wifi alikuwa kwenye ngazi, amekunja mikono. “Hata mashine imekukatalia!”

Akarudisha gia, akawasha tena. Ikaitika. Klachi, gia. Ikazimika. Jasho lilianza kumtiririka ndani ya kofia. Mafuta yapo, taa zinawaka. Amefanya jambo hili zaidi ya mara mia nyuma ya ule ukuta, na leo, siku moja tu aliyoihitaji, mikono yake imesahau kila kitu. Akawasha mara ya tatu. Ikazimika mara ya tatu. Akainamisha kichwa juu ya tangi akalia waziwazi, mbele ya wifi, mbele ya madirisha yote ya mtaa. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Aliwaza kwamba labda ndivyo ilivyoandikwa. Labda kuna watu hawakuumbiwa kutoka.

“Stendi.”

Aliinua kichwa. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini, brashi ya viatu bado mkononi.

“Nini, Mama?”

“Umeacha stendi chini. Hiyo mashine ukiitia gia na stendi iko chini inajizima yenyewe, isije ikakuangusha. Kila siku unaisahau. Kila siku yule bwana anakupigia kelele, ‘Stendi, Fundi, stendi!’ na kesho yake unaisahau tena. Sijui huko kwenye milimita unafanyaje kazi.”

Fundi alimkodolea macho.

“Mama ... umejuaje?”

“Nguo nazianua saa ngapi mimi?” Mama mkwe alionyesha kwa kidevu juu ya paa, kamba za nguo zilikokuwa. “Ule ukuta wenu ni mrefu ukiwa barabarani. Ukiwa kule juu ni kama sahani mezani. Nimekuona siku ya kwanza ulipoanguka. Nilitaka kushuka nije, nikakuta unacheka. Nikasema, tangu lini huyu anacheka?”

“Mwezi mzima,” Fundi alisema. “Na hukuniambia kitu.”

“Ningekwambia, ungeacha.”

Wifi alifungua mdomo, mama yake akamwinulia brashi, akaufunga. Fundi alitazama chini upande wa kushoto. Kweli, kile chuma kilikuwa chini, kimekita saruji. Na akaona jambo ambalo lilimfanya mwili usisimke: mama huyu hakuhitaji kumzuia. Hakuhitaji kufunga lango wala kupandisha shinikizo la damu. Angenyamaza tu, dakika kumi na tano, na saa kumi ingepita.

Alikiinua kile chuma kwa kisigino. Akawasha. Klachi, gia. Injini ikaendelea kunguruma.

Mama mkwe alishuka ngazi moja moja, akishika ukuta. Alivua kamba shingoni, akaingiza ufunguo, akavuta mabawa yote mawili ya lango, lile la kushoto ambalo lilikuwa gumu akalisukuma kwa bega. Barabara ikaonekana. Alisimama kando, amempa Fundi mgongo, akijifanya anaangalia kutu kwenye bawaba.

“Mama, nitarudi. Nitakuja naye, tutakaa, tutazungumza —”

“Nenda kabla sijabadili mawazo.”

Fundi aliachia klachi kidogo kidogo. Pikipiki ilisogea, ikafika usawa wa mama, na bega lake likakaribia kugusa bega la mama. Aligeuza shingo ili amwone uso, na usukani ukaanza kwenda naye upande ule ule, ukielekea nguzo ya lango.

“Usinitazame mimi!” mama mkwe alifoka huku akilia. “Tazama mbele, mwanangu. Tazama mbele!”

Fundi akatazama mbele.